Mvumo kwenye spika? Kabla hujamlaumu fundi, angalia waya

Umejinyima miezi sita. Viatu hukununua, wikendi hukutoka, na sasa hatimaye umepata spika mbili za studio, mtumba lakini safi, kama zile unazoona nyuma ya kila prodyuza YouTube. Umezipanga juu ya meza kwenye keja yako ya kumi kwa kumi, ukachomeka waya kutoka kwa kompyuta, ukawasha. Na kabla hata hujacheza wimbo wowote, zinaanza zenyewe: mmmmmmmm.

Si jini. Stima ya Kenya huja kwa volti 240 na huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Hiyo 50 ikipenya hadi kwenye spika, sikio lako linasikia noti iliyo karibu kabisa na G ya chini, ile ya freti ya tatu kwenye uzi mnene wa gitaa la besi. Mara nyingi huja na ndugu zake wa hezi 100 na 150, ndiyo maana wakati mwingine haivumi tu bali inakwaruza kama nyuki ndani ya mkebe. Kama biti yako iko kwenye G, hongera, umepewa besi ya bure. Wengine wetu tunataka kimya.

Ukiuliza mtaani utapewa majibu matatu. La kwanza, spika ni mbovu, zirudishe. La pili, nunua waya wa bei, ule wenye ncha za dhahabu. La tatu husemwa kwa sauti ya chini kama siri ya ukoo: kata ile pini ndefu ya plagi, mvumo utaisha. La kwanza mara nyingi si kweli. La pili ni la kukumalizia pesa. Hilo la tatu tutalifikia, kwa sababu linaweza kukuua. Lakini kwanza lazima ujue kwamba vifaa vya sauti vimegawanyika kambi mbili, na shida nyingi za keja huanzia pale mpakani, unapounganisha mtu wa kambi hii na mtu wa kambi ile.

Kambi mbili

Kambi ya kwanza ni ya vifaa vya nyumbani: TV, deki ya DVD, wufa ya sebuleni, simu, laptopu. Hivi huongea kwa ile plagi nyekundu na nyeupe inayoitwa RCA, jina lililotokana na Radio Corporation of America, kampuni iliyoileta miaka ya 1930, ama kwa ile jeki ndogo ya milimita 3.5 ambayo sote tunaiita aux. Ndani ya waya wa RCA kuna uzi mmoja tu unaobeba sauti, umezungushiwa wavu wa shaba. Wavu huo una kazi mbili kwa wakati mmoja: kuzuia kelele za nje, na kuwa njia ya kurudia ili mzunguko wa umeme ukamilike. Shika hilo la kazi mbili. Ndilo chanzo cha taabu yako.

Kambi ya pili ni ya studio na jukwaa: miksa, kadi ya sauti ya nje ya kurekodia, spika za studio, spika kubwa za PA. Hawa hutumia XLR, ile plagi nene ya pini tatu ambayo mafundi wengi wa PA bado huiita Cannon, kwa sababu kampuni ya Cannon ya Los Angeles ndiyo iliyoitengeneza. Ama hutumia jeki kubwa ya milimita 6.35 yenye mistari miwili myeusi kwenye ncha. Hesabu hiyo mistari vizuri ukiwa dukani. Mstari mmoja maana yake ni waya wa gitaa, wa kambi ya kwanza, hata kama jeki inatoshana sawasawa na tundu. Ndani ya waya wa kambi ya pili kuna nyuzi mbili za sauti zilizosokotwa pamoja kama rasta, moja ya chanya na moja ya hasi, na wavu kwa nje. Hapa wavu haubebi sauti hata kidogo. Ni askari wa lango tu.

Dukani waya huu unaitwa wa balansi, na ule wa kwanza usio wa balansi. Nitasema hivyo hivyo, lakini ule wa kwanza nitauita wa kawaida kwa sababu maisha ni mafupi.

Sasa ujanja wenyewe ni hesabu ya darasa la pili: kutoa. Kifaa kinachopokea hakisikilizi uzi mmoja. Kinachukua kilicho kwenye chanya, kinatoa kilicho kwenye hasi, na tofauti ndiyo inayoenda kwenye spika. Tuseme muziki uko +1 upande huu na -1 upande ule. Njiani waya umepita karibu na adapta ya kompyuta, ukaokota kelele ya +3. Kwa kuwa nyuzi zimesokotwa, kelele imeingia kote kote kwa kipimo kilekile. Sasa una +4 na +2. Toa: unabaki na 2. Muziki wote upo, kelele imejimaliza yenyewe.

Hapa wapo watu wengi, hata walimu wa YouTube, wanaokwambia siri ni kule kugeuza muziki juu chini kwenye uzi wa pili. Siyo. Siri ni kwamba nyuzi zote mbili ziwe na ukinzani sawa zikitazamwa kutoka ardhini, ili kelele isipate upendeleo wa kuingia upande mmoja zaidi. Vipo vifaa vingi vya bei nafuu ambavyo hutoa muziki kwenye chanya peke yake, hasi haina wimbo wowote, ina rezista tu ya kulinganisha ukinzani, na bado ni balansi halali. Neno lenyewe ndilo hilo: mizani.

Na si uvumbuzi wa jana. Simu za kwanza zilitumia uzi mmoja na kuitegemea ardhi kama njia ya kurudia, na zilikuwa na kelele vibaya sana, hasa pale tramu za umeme zilipoanza kupita mijini. Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, alipata hataza ya nyuzi mbili zilizosokotwa mwaka 1881. Ukitaka kuona ujanja huo leo, kata kipande cha waya wa intaneti uliochakaa, ule unaoingia kwenye ruta. Utakuta jozi nne zimesokotwa, na mara nyingi hata wavu hamna. Netflix yako inafika kwa hesabu ya kutoa.

Mvumo unatoka wapi basi

Turudi kwa meza yako. Laptopu inachajiwa kwa plagi ya pini tatu. Spika nazo zina plagi za pini tatu. Ile pini ndefu ya kila plagi inaenda ardhini kupitia nyaya za nyumba. Maana yake laptopu na spika tayari zimeshikana mikono kupitia ukuta. Halafu wewe ukaongeza waya wa kawaida kati yao, na wavu wa ule waya nao ukazishikanisha mara ya pili. Umetengeneza duara. Umeme mdogo wa stima sasa unazunguka humo, ukutani, kwenye laptopu, kwenye wavu, kwenye spika, kisha tena ukutani.

Kama waya ni wa balansi, umeme huo unapita kwenye wavu na hakuna anayejali, kwa sababu muziki hauko pale. Lakini waya wa kawaida una ule wavu wa kazi mbili. Wavu uleule unaobeba mvumo ndio njia ya muziki kurudi. Spika haina namna ya kutofautisha. Inapiga vyote.

Ndiyo maana kununua waya wa dhahabu hakusaidii. Dhahabu haishiki kutu, basi. Duara liko palepale.

Kujua kama una duara ni rahisi na ni bure. Chomoa chaja ya laptopu, uache itumie betri. Mvumo ukikatika papo hapo, umempata. Ukisikia badala yake kale kamlio kembamba kanakobadilika ukisogeza kipanya ama ukifungua programu, hiyo ni kelele ya kompyuta yenyewe inayopenya kupitia waya wa USB na ardhi, na mara nyingi hupita njia ileile. Ikiwa hakuna kilichobadilika, ichomoe ile kebo ya sauti kwenye spika. Zikinyamaza, kelele inaingia kupitia kebo ama inatoka kwa kifaa kilicho mbele yake. Zikiendelea kuvuma peke yao bila kebo yoyote, hapo sasa unaweza kumpigia aliyekuuzia.

Dawa ya kwanza pia ni bure: chomeka kila kitu cha sauti kwenye ekstensheni moja, kwenye soketi moja ya ukuta. Duara halifi lakini linakuwa dogo, na mvumo hupungua. Dawa ya pili ni kutumia balansi kutoka mwanzo hadi mwisho, ikiwa vifaa vyako vinaruhusu. Kadi nyingi za sauti zinazouzwa mjini, hata zile ndogo, zina matundu ya jeki kubwa nyuma ambayo ni balansi, na spika nyingi za studio zina tundu kama hilo. Lakini watu hununua kadi ya maelfu halafu wanaiunganisha na spika kwa waya wa aux uliotoka kwenye tundu la hedifoni. Manze, tundu sahihi liko nyuma.

Kuhusu ile pini

Pini ndefu ya plagi haikuwekwa hapo kukuharibia sauti. Kama uzi wa moto ndani ya amplifaya utalegea na kugusa bodi ya chuma, pini ile huupeleka umeme ardhini kwa kishindo, fyuzi inakatika, unalaani, maisha yanaendelea. Ukiikata, bodi ya chuma inabaki na volti 240 ikikusubiri kwa subira. Na kwenye studio bodi hiyo imeungana na wavu wa kila kebo, pamoja na ile inayoishia kwenye maikrofoni, umbali wa kidole kutoka kwa midomo yako.

Mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifariki jukwaani Swansea, Uingereza, Mei 1972, aliposhika maikrofoni ambayo haikuwa imeunganishwa ardhini ipasavyo. Alikuwa na miaka 27. Si hadithi ya kutisha watoto.

Kwetu jambo hili ni baya zaidi kwa sababu ya zile ploti ambazo soketi ina matundu matatu lakini nyuma ya la tatu hakuna waya, landilodi alibana matumizi. Kisha zipo zile ekstensheni nyepesi za barabarani, matundu matatu juu, nyuzi mbili ndani. Na ule mchezo wetu wa kuingiza kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili ya ng'ambo iingie. Mkishafanya hivyo, hilo tundu la juu halifanyi kazi yoyote isipokuwa kuhifadhi kalamu. Fundi wa stima mwenye kipimo anaweza kuangalia soketi zako kwa dakika chache. Ukiishi kwenye ploti na una vifaa vya chuma vya kurekodia, mlipe.

Na ukishika laptopu ya chuma inayochajiwa kwa plagi ya pini mbili ukahisi kama unatekenywa, hiyo ni stima kidogo inayovuja kupitia kapasita za chaja. Chaja ikiwa nzima ni kidogo mno, haikuumizi, lakini huongeza kelele kwenye waya wa kawaida. Chaja feki nazo hazina mtu wa kuzitolea dhamana.

Wakati sauti ya msanii inapotea

Hili la sasa nalipenda kuliko yote. Rafiki yangu huchezesha muziki kwenye ruracio na bathidei. Siku moja alifika na spika moja kubwa ya PA, simu, na waya aliouziwa siku hiyo: upande huu aux, upande ule XLR. Waya mzuri, umefungwa vizuri, unaingia bila matata. Akacheza wimbo wa kuingilia. Ngoma zikasikika kwa mbali, mwangwi wa kwaya ukasikika, na mwimbaji hayupo. Hayupo kabisa. Wazee wakadhani ni ala tupu, mama ya msichana akauliza kwani DJ ameleta karaoke. Wakabadilisha simu, wakabadilisha wimbo, ikawa vilevile. Kuna kijana tayari alikuwa ameshika bisibisi kufungua spika.

Spika ilikuwa inafanya kazi yake bila kosa. Jeki ya aux ina mistari miwili myeusi, ni kweli, na kwa macho inafanana na jeki ya balansi iliyofupishwa. Lakini kwenye simu zile sehemu si chanya na hasi. Ni kushoto na kulia. Waya ule ulipeleka kushoto kwenye pini 2 na kulia kwenye pini 3, na spika ya balansi ikafanya ile hesabu yake: kushoto toa kulia. Karibu kila wimbo unaoujua, mwimbaji amewekwa katikati, maana yake yuko sawasawa kushoto na kulia. Besi na kick pia. Sawa toa sawa ni sifuri. Kilichobaki ni vile vitu vya pembeni, mwangwi, gitaa la upande mmoja, makofi.

Yaani mashine ya kufuta kelele ilimfuta msanii.

Nyaya za namna hiyo zimejaa mjini na zinauzwa bila onyo lolote. Unachotaka ni waya unaogawanyika: aux upande mmoja, na upande wa pili plagi mbili, moja ya kushoto na moja ya kulia, kila moja ikiingia kwenye chaneli yake ya miksa. Una spika moja tu? Chomeka plagi moja, ukubali kupoteza upande mmoja, angalau maneno yatasikika. Ama tafuta kisanduku cha DI kinachochanganya kushoto na kulia, ambacho pia kina transfoma ndani na kitakuondolea mvumo. Kuunganisha kushoto na kulia kwa kuzifunga pamoja kwenye waya wa Y si sawa, kwa sababu chaneli mbili zitakuwa zinasukumana. Fundi akitaka kuzichanganya ndani ya waya, aweke rezista ya kama ohm 470 kwa kila upande kwanza.

Kutengeneza daraja

Sasa umekubali kwamba TV yako ni RCA na spika zako ni balansi, na huna pesa ya kubadilisha chochote. Unahitaji daraja, na daraja hilo si lazima liwe kisanduku. Linaweza kuwa waya, lakini uliofungwa sawasawa.

Waya wengi wa RCA kwenda XLR walio tayari dukani wana uzi mmoja tu ndani, halafu kwenye XLR pini 1 na pini 3 zimefungwa pamoja kwa kipande kifupi. Utafanya kazi. Lakini umerudisha wavu kwenye kazi mbili, na ile hesabu ya kutoa ya spika umeitupa nje ya dirisha.

Uliofungwa vizuri hutumia waya wa maikrofoni, wenye nyuzi mbili na wavu. Kwenye RCA, uzi wa kwanza unaenda katikati, uzi wa pili unaenda kwenye mdomo wa nje, na wavu nao unaenda hapohapo kwenye mdomo wa nje. Upande wa XLR, uzi wa kwanza pini 2, uzi wa pili pini 3, wavu pini 1, kila mtu na pini yake. Hakuna kipande cha kuunganisha. Hapo sauti inarudi kwa uzi wake, umeme wa duara unapita kwenye wavu, na spika inaweza kutoa sehemu kubwa ya mvumo hata kama TV haijawahi kusikia neno balansi. Tofauti kati ya waya huu na ule wa dukani ni nyongeza ya uzi mmoja. Kwa nje huwezi kuiona, na kipimo cha kulia bip hakitakuonyesha, kwa sababu mwisho wa yote pini 1 na 3 zinakutana. Lazima ufungue plagi na uangalie.

Kwenda upande wa pili, kutoka kwa miksa ya XLR kwenda kwa wufa ya RCA, kuna mtego. Pini 2 inaenda katikati ya RCA na wavu kwa nje, hilo halina ubishi. Swali ni pini 3. Kama ndani ya miksa kuna transfoma, lazima pini 3 ifungwe ardhini, la sivyo sauti inatoka nyembamba bila besi. Kama kuna saketi za kawaida mbili zinazosukuma chanya na hasi, ukiifunga pini 3 ardhini unailazimisha moja ikohoe bila kupumzika, na inaweza kupata joto ama kuharibu sauti. Hiyo iache ikae bila kufungwa. Kijitabu cha mwongozo husema, na kijitabu kiko kwenye intaneti bure. Kwa aina hiyo ya pili utapoteza nusu ya nguvu ya sauti, desibeli 6, na hakuna shida, kwa sababu ulikuwa nayo ya ziada.

Ziada hiyo ndiyo jambo lingine linalochanganya watu. Kambi ya studio huongea kwa nguvu: kipimo chao cha kawaida ni +4 dBu, yaani kama volti 1.23. Kambi ya nyumbani ni -10 dBV, kama volti 0.32. Karibu mara nne. Basi miksa ikiingia kwenye wufa bila kupunguzwa, sauti inapasuka na unadhani wufa ni feki. TV ikiingia kwenye spika za studio, sauti ni ndogo, unapandisha kitufe hadi mwisho, na kelele zinapanda pamoja nayo. Tazama nyuma ya spika zako. JBL 305P, kwa mfano, zina swichi iliyoandikwa +4 na -10, na wengi wanaozimiliki hawajawahi kuigusa.

Jambo dogo lenye madhara makubwa: kitufe cha 48V. Kile hupeleka volti 48 kwenye pini 2 na 3 za XLR ili kuwasha maikrofoni za kondensa. Ukichomeka simu ama TV kwenye tundu la XLR la kadi ya sauti huku taa hiyo inawaka, unaisukumia simu umeme ambao haikuuomba. Izime, subiri kidogo, ndipo uchomeke. Bora zaidi, tumia jeki kubwa kwenye tundu hilohilo, kwa sababu kwenye kadi nyingi volti 48 huenda kwa XLR peke yake.

Wapo wanaouza visanduku vidogo vya kukata duara vyenye transfoma ndani, RCA kuingia na RCA kutoka, vya kuwekwa kwenye magari. Vinafanya kazi, mvumo unakufa kweli. Lakini transfoma ya ukubwa wa njugu haiwezi kupitisha besi nzito bila kuikunja, na kama unachanganya ngoma ambayo maisha yake yote yako chini ya hezi 60, utafanya maamuzi kwa besi ambayo si yako. Kwa TV ya sebuleni sawa. Kwa kazi, tafuta transfoma kubwa zaidi ama fuata njia ya waya.

Na kama keja ni kumi kwa kumi, waya wako wa RCA ni mita moja, na ukiwasha spika unasikia kimya? Acha. Usiguse. Balansi haifanyi muziki uwe mtamu. Kazi yake ni kuzuia kelele, na kama kelele hakuna, hakuna cha kuzuiwa. Mwenye wasiwasi ni yule anayevuta waya wa kawaida mita kumi kutoka sebuleni hadi chumbani, akipitia nyuma ya friji. Vilevile, amplifaya ya nyumbani ikiwa na matundu ya XLR nyuma, usilipe zaidi kwa ajili ya hayo peke yake. Kwenye nyingine ni pambo, saketi ya ndani ni ileile ya RCA.

Ukifika Luthuli, usiseme unataka "waya wa spika", utapewa wa spika kweli, ule wa nyuzi mbili bila wavu. Sema unataka waya wa maikrofoni wa kupimwa kwa mita, plagi mbili za XLR za kiume na mbili za RCA za chuma, zinazofunguka kwa kuzungusha. Muuzaji atakwambia, "Boss, si uchukue tu hii imetengenezwa tayari?" Mwambie aifungue kwanza muone pini 1 na 3. Akikataa, chukua vipande vyako, na fundi wa simu aliye kwenye ngazi atakuchomea lehemu ncha zote nne ukisubiri. Mchoree kwenye karatasi pini ipi inaenda wapi, na usiondoke kabla hajazipima moja moja.